Elli wa Kansas aliyefika Berlin akitokea Moscow

Mtu aliyekulia Leipzig au Rostock miaka ya 1970, ukimwuliza habari za msichana aliyechukuliwa na kimbunga pamoja na mbwa wake hadi nchi ya maajabu, atakutajia Elli. Mbwa wake ni Totoschka, mchawi mkuu ni Goodwin, na kitabu, Mchawi wa Jiji la Zumaridi, kimeandikwa na Alexander Volkov, mwalimu wa hisabati wa Moscow. Mtu wa rika lilelile aliyekulia Hamburg au Köln, kama hadithi hiyo aliifahamu, aliifahamu kwa majina ya Dorothy, Toto na Mchawi wa Oz, na mwandishi wake ni Mmarekani L. Frank Baum. Lugha ni moja, kizazi ni kimoja, na mifupa ya hadithi ni ileile, ila vitabu ni viwili. Kati ya wasomaji hao kulikuwa na mpaka wa seng'enge na, tangu Agosti 1961, ukuta uliokata mji wa Berlin.

Swali la kisa hiki ni hili: kitabu kikishapita mikono mitatu, ya Mmarekani, ya Mrusi na ya mfasiri wa Kijerumani, mtoto anayekisoma mwishoni amepokea kazi ya nani? Tangu Ujerumani mbili ziungane mwaka 1990 wengi wamejibu haraka kwamba amepokea mali ya wizi. Nadhani jibu hilo ni jepesi mno.

Vitabu vilivyotangulia

Wajerumani hawakuanza kusoma fasihi ya watoto ya Kisovieti baada ya vita. Mwaka 1929 Verlag der Jugendinternationale, shirika la uchapishaji la vijana wa kikomunisti mjini Berlin, lilitoa kitabu kiitwacho Schkid, die Republik der Strolche, kwa tafsiri ya Maria Einstein. Waandishi wake, Grigori Belykh na L. Panteleev, walikuwa vijana wa miaka ishirini hivi walioishi utotoni katika shule ya watoto wa mitaani mjini Petrograd na kuyaandika waliyoyaona: wizi wa mkate, magazeti ya darasani, uasi dhidi ya walimu, na mkuu wa shule aliyewapenda na kuwaadhibu kwa nguvu ileile. Kitabu chenyewe kilikuwa kimetoka Leningrad mwaka 1927. Kwa kasi ya tafsiri za zama zile, miaka miwili ni kufumba na kufumbua.

Kasi hiyo ilikuwa na sababu. Wakati huo Ujerumani ilikuwa inagombana vikali juu ya nyumba za kurekebishia vijana. Peter Martin Lampel alikuwa ameandika mchezo wa kuigiza juu ya uasi katika nyumba ya namna hiyo, ukaonyeshwa Berlin mwaka 1928 na kuzua makelele makubwa. Schkid kikatua katikati ya ugomvi wa watu wazima: je, mtoto aliyeharibika hutengenezwa kwa kufuli au kwa kupewa madaraka? Kisha ikaja 1933. Wanazi walipotwaa serikali, njia yote ya vitabu vya Kisovieti kwenda Ujerumani ilizibwa kwa miaka kumi na miwili. Katika Urusi yenyewe Belykh alikamatwa na kufa kifungoni mwaka 1938, na kitabu chake kikafutwa kwenye rafu kwa muda mrefu.

Baada ya 1945, katika eneo lililoshikwa na jeshi la Kisovieti, kilichokuja mbele kilikuwa Timur na Kikosi Chake cha Arkadi Gaidar. Gaidar alikiandika mwaka 1940, na mwaka uliofuata akauawa vitani. Hadithi yake ni ya watoto wanaosaidia kwa siri familia za wanajeshi. Katika Ujerumani Mashariki iliyozaliwa Oktoba 1949, kitabu hicho kiliingizwa shuleni, na chama cha Mapainia, jumuiya ya watoto ya serikali, kikaunda vikosi vya watoto vyenye jina la Timur vya kuwasaidia wazee mtaani.

Ninavitaja vitabu hivi viwili kwa sababu vyote vilipata mtu mzima wa kuvisukuma: kimoja wapiganaji wa malezi mapya, kingine serikali. Cha Volkov hakikuhitaji msukumo wa aina hiyo. Kilikuwa burudani iliyoruhusiwa, na mapokezi yake yalikuwa kazi ya watoto wenyewe.

Mwalimu wa hisabati anajifunza Kiingereza

Volkov alizaliwa mwaka 1891 Ust-Kamenogorsk, mji ulioko leo Kazakhstan. Alifundisha shule kwa miaka mingi, akahamia Moscow, akawa mwalimu wa hisabati ya juu katika taasisi ya madini. Katika miaka ya 1930 aliamua kujifunza Kiingereza, na kati ya vitabu vya mazoezi akakutana na hadithi ya Baum iliyotoka Chicago mwaka 1900. Aliifasiri ili kujizoeza, akaipenda, akaanza kuirekebisha. Mswada ukafika kwa Samuil Marshak, mshairi aliyekuwa nguzo ya fasihi ya watoto ya Kisovieti, naye akaupokea vizuri. Toleo la kwanza, nakala 25,000, lilitoka mwaka 1939, mwaka uleule Hollywood ilipotoa filamu yake ya rangi juu ya Dorothy. Pande hizo mbili za dunia ziliamka na hadithi moja bila kujuana.

Usimulizi upya wa namna hii ulikuwa jambo la kawaida Moscow na Leningrad. Aleksei Tolstoy alimchukua Pinocchio wa Mwitaliano Collodi, na mwaka 1936 akamtoa akiwa Buratino, mwenye tabia tofauti na mwisho tofauti. Kornei Chukovsky alimchukua daktari wa wanyama wa Mwingereza Hugh Lofting akamfanya Aibolit, daktari anayepokea simu ya maandishi kutoka kwa wanyama wagonjwa wa Afrika. Katika shairi hilo la 1929 wanyama wanataja hata Zanzibar kuwa ni kwao. Watoto wa Kirusi wamekua wakilijua jina la kisiwa chetu kwa sababu hiyo.

Sisi wa pwani hatuna haki ya kushangaa. Abunuwasi wetu alianza kama Abu Nuwas, mshairi wa Baghdad, akavuka bahari kwa midomo ya wasimulizi, na leo hakuna mtoto wa Unguja au Mombasa anayemwona mgeni. Tofauti ni kwamba Baum alikuwa mwandishi wa juzijuzi, aliyekufa mwaka 1919, mwenye warithi na wachapishaji. Kwa sheria Volkov hakudaiwa kitu: Muungano wa Kisovieti haukuwa ndani ya mikataba ya hakimiliki iliyoibana Magharibi, na ulijiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Hakimiliki mwaka 1973 tu. Hesabu ya uungwana ni nyingine, na nitairudia.

Alichokifanya Volkov

Mwaka 1959 Volkov alitoa toleo jipya, lililoandikwa upya kwa kina na kuchorwa na Leonid Vladimirsky. Toleo hili ndilo lililovuka kwenda Ujerumani, na ndilo linalostahili kupimwa. Wanaosema kwamba alibadilisha majina tu hawajaviweka vitabu hivi viwili ubavu kwa ubavu.

Dorothy wa Baum ni yatima anayelelewa na mjomba na shangazi kwenye tambarare ya kijivu ya Kansas. Elli ana baba na mama, John na Anna, na wanaishi katika gari-nyumba lililoondolewa magurudumu na kuwekwa chini. Umaskini umebaki, ila ni umaskini wenye wazazi wawili ndani yake, kwa hiyo hamu ya kurudi nyumbani inapata uzito mwingine. Kimbunga cha Baum ni hali ya hewa. Cha Volkov kimetumwa na mchawi mbaya Gingema aliyetaka kuangamiza watu, na mchawi mwema Willina ndiye anayeelekeza nyumba ya Elli imwangukie Gingema kichwani. Viatu vya fedha, ambavyo kwa Baum vinabaki pale alipokufa mchawi, kwa Volkov vinaletwa na mbwa kutoka kwenye pango.

Na mbwa huyo anasema. Toto wa Baum, katika kitabu hicho, hasemi neno. Volkov mwenyewe alieleza katika maneno yake ya mwisho ya kitabu kwamba aliona haiwezekani, katika nchi ambako ndege na wanyama wanazungumza, na hata watu wa chuma na wa nyasi wanazungumza, mbwa mwaminifu akae kimya. Ninakubaliana naye kabisa. Totoschka mwenye ulimi ana wivu, ana kiburi, anagombana na Simba Mwoga, na Elli anapata ndugu wa safari badala ya mnyama wa kufugwa.

Badiliko kubwa kuliko yote ni utabiri. Willina anasoma katika kitabu chake cha uchawi kwamba Goodwin atamrudisha msichana kwao iwapo atawasaidia viumbe watatu kupata kile wanachokitamani sana. Kwa Baum hakuna sharti kama hilo: Dorothy anamshusha yule sanamu wa kutishia ndege kutoka kwenye mti wake kwa wema wa kawaida, na wanafuatana kwa kuwa njia yao ni moja. Hapa ndipo ninapomwona Volkov mwalimu wa hisabati akifanya kazi. Ameiwekea hadithi mlinganyo, na kila anayekutana na Elli ana nafasi yake ndani ya mlinganyo huo. Amepata kitu na amepoteza kitu. Alichopata ni mvutano: msomaji wa miaka minane anahesabu kwa vidole, Scheuch, yaani yule sanamu wa kutishia ndege, anataka ubongo, Mkata Kuni wa Chuma anataka moyo, Simba anataka ushujaa, na wasipopata wao, Elli hapati. Alichopoteza ni ule wema usio na faida ambao Baum aliuandika bila kuutangaza.

Aliongeza pia sura ya mla watu anayemkamata Elli, na sura ya mafuriko. Aliondoa nchi ya watu wa kaure, viumbe dhaifu wanaovunjika wakiguswa. Hapo nasikitika. Ile sura ya Baum ina upole usio na mahali pengine katika kitabu chake, na mafuriko ya Volkov, hata yakisisimua namna gani, hayafidii.

Tuzingatie jambo moja ambalo hakuligusa: Elli alibaki Mmarekani. Ingekuwa rahisi kumhamishia nyika za Kazakhstan. Volkov alimwacha Kansas, akamfanya Goodwin naye awe mtu wa Kansas, na mashujaa wa kitabu kilichosomwa na mamilioni ya watoto wa Kisovieti wakati wa vita baridi wakawa msichana wa mkulima wa Marekani na mbwa wake.

Kuingia Ujerumani Mashariki

Tafsiri ya Kijerumani, iliyofanywa na L. Steinmetz, ilianza kusomwa katikati ya miaka ya 1960, ikiwa na michoro ya Vladimirsky. Baadaye vitabu vya mfululizo huu vilitoka Moscow vikiwa tayari kwa Kijerumani, kwanza chini ya jina la Progress, kisha Raduga. Hilo ni muhimu kuliko linavyoonekana. Progress, iliyochapa pia vitabu kwa Kiswahili vilivyofika Afrika Mashariki, ilikuwa na kazi ya kupeleka maandishi ya Kisovieti duniani kwa lugha za wasomaji. Kitabu kilichotoka humo kilifika Berlin kikiwa kimeshapata idhini ya Moscow, mji mkuu uliokuwa na mamlaka juu ya Berlin. Katika nchi ambayo kila kitabu cha ndani kilihitaji kibali cha kuchapwa kutoka Wizara ya Utamaduni, hadithi ya Mmarekani ilipita mlangoni kwa sababu ilikuwa imevaa koti la Kirusi.

Watoto waliipokea kwa njaa. Kilikuwa kitabu kilichotafutwa, kilichoazimwa, kilichopita kutoka kwa dada mkubwa kwenda kwa mdogo hadi mgongo ukakatika. Na kilikuwa na mwendelezo. Volkov aliandika vitabu vingine vitano ambavyo havidaiwi na Baum karibu chochote: Urfin na askari wake wa mbao, wafalme saba wa chini ya ardhi, mungu wa moto wa Wamarrani, ukungu wa manjano, na siri ya ngome iliyotelekezwa. Mashariki hapakuwa na msomaji wa Elli aliyeishia kitabu cha kwanza kama aliweza kuvipata vingine.

Urfin anastahili tusimame kwake kidogo. Ni seremala anayechukia watu, anayepata unga wa kuhuisha vitu, akachonga jeshi la askari wa mbao na kuliteka Jiji la Zumaridi. Hawezi kutawala peke yake, kwa hiyo anatafuta wasaliti ndani ya jiji, naye anawapata. Mwaka 1963, kitabu hicho kilipotoka kwa Kirusi, hakuna mtu mzima wa Moscow au Berlin aliyehitaji kuelezwa majeshi ya namna hiyo yalitoka wapi. Mtoto aliona vita vya vinyago. Baba yake aliyekuwa akimsomea kitandani aliona kitu kingine.

Hata kitabu cha kwanza kina jambo ambalo siwezi kulisoma bila kufikiri juu ya mahali kiliposomewa. Wakazi wa Jiji la Zumaridi wanalazimika kuvaa miwani ya kijani iliyofungwa kwa kufuli, usiku na mchana. Mlinzi wa lango ndiye anayeivisha. Jiji linang'aa kwa sababu ya miwani. Na mtawala mkuu, anayeogopwa na wote, ni mtu wa kawaida nyuma ya pazia, anayewatisha raia kwa vichwa vya karatasi. Haya yote ni ya Baum, ya mwaka 1900, na sidai kwamba Volkov au Steinmetz walificha ujumbe wowote. Ninachosema ni kwamba maneno yanasomwa mahali, na mahali hapa palikuwa na lango, mlinzi na ukuta. Kitabu kilichoagizwa na shule hakikuweza kumpa mtoto picha hiyo. Hadithi ya kimbunga iliweza.

Baada ya 1990

Mpaka ulipofunguka, wasomaji wa Elli walikutana na Dorothy. Walikuta viatu vyekundu vya filamu ya Hollywood mahali pa viatu vyao vya fedha, mbwa bubu, na mchawi aitwaye Oz. Wenzao wa Magharibi wakawaeleza kwamba kitabu chao kipenzi ni nakala iliyoibwa. Lawama hiyo haikusimama peke yake. Katika miaka ile mambo mengi ya Mashariki, kuanzia magari hadi vyeti, yaliambiwa kuwa ni nakala hafifu ya kitu halisi cha upande wa pili, na watu waliokuwa wamepoteza kazi na nchi waliambiwa sasa kwamba hata utoto wao ulikuwa wa bandia.

Kama ni suala la ukweli, Volkov hakumficha Baum. Maneno yake ya mwisho yanamtaja Mmarekani huyo kwa jina na miaka ya kuzaliwa na kufa, yanataja kitabu chake, na yanaeleza wazi kipi kimebadilishwa na kipi kimeongezwa. Ninamlaumu kwa jambo moja: jina la Baum liliwekwa nyuma ya kitabu, mahali ambapo mtoto hafiki, na kwenye jalada likasimama jina moja tu la mwandishi. Hilo lilikuwa kosa la uungwana, na wachapishaji walibeba sehemu yake kubwa.

Mapokezi yenyewe yalitoa hukumu iliyo tofauti na ya magazeti. Timur, aliyekuwa na shule na Mapainia nyuma yake, alitoweka karibu siku moja na dola iliyomshikilia. Elli alibaki. Nyumba ya vitabu ya leiv mjini Leipzig ilivirudisha vitabu vya Volkov sokoni, na wanunuzi wakapatikana: wazazi waliotaka watoto wao wasome kile walichokisoma wao, na chenye picha zilezile. Kwa wasomaji hawa Vladimirsky, aliyeishi hadi mwaka 2015, ana uzito sawa na Volkov. Toleo lenye michoro mingine linaonekana kwao kama nyumba ya bibi iliyopakwa rangi na mpangaji mgeni.

Kisha likatokea jambo ambalo kwangu ndilo ushahidi mkubwa kuliko wote. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990, waandishi wawili wa Ujerumani Mashariki, Klaus na Aljonna Möckel, walianza kuandika hadithi mpya za nchi hiyo ya maajabu kwa Kijerumani, wakitumia jina la kubuni la Kirusi, Nikolai Bachnow. Dola ya Kisovieti ilikuwa imeshakufa. Hakuna aliyewalazimisha, na jina la Kirusi halikuwa na faida yoyote ya kisiasa tena. Katika soko la miaka ile lingeweza hata kuwa mzigo. Walilichagua kwa kuwa msomaji wao alitarajia kwamba habari za Scheuch na Mkata Kuni zinatoka upande huo wa dunia.

Hadithi iliyoanza Chicago ilipitia daftari la mazoezi la mwalimu wa Moscow, ikafasiriwa kwa Kijerumani, na mwishoe ikazaa vitabu vya Kijerumani vyenye jina la Kirusi ambavyo havikutafsiriwa kutoka popote. Wizi hauna uzao wa namna hiyo. Wala neno tafsiri halitoshi kueleza alichofanya Volkov, ingawa linatosha kabisa kueleza alichofanya Steinmetz, ambaye katika ubishi wote huu wa Baum na Volkov ndiye anayesahaulika. Sentensi za kitabu cha kwanza walizozikariri watoto wale zilikuwa za mkono wake. Chimbuko lilikuwa la Baum, muundo na vitabu vitano vya baadaye vilikuwa vya Volkov, nyuso zilikuwa za Vladimirsky, na sauti iliyosikika chumbani ilikuwa ya Steinmetz. Mchapishaji wa toleo lijalo ana nafasi ya kutosha kwenye ukurasa wa kwanza kwa majina yote manne, na Baum awe wa kwanza.